Kodi ya Saba

Mwalimu Ildefonsi wa Makere alianza kujifunza gitaa la jazi baada ya kutimiza miaka hamsini, na mwalimu wake alikuwa simu yake. Kwanza alisoma nadharia. Alisema mtu wa hesabu hawezi kuingia kwenye muziki kwa kupapasa. Ikawa kila jioni mkewe, Therese, anasimuliwa habari za kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja: kuna ndogo, kuna kubwa, kuna za saba.

"Hata serikali haijafikia kodi ya saba," Therese alimwambia siku moja, akamwongezea ugali.

Mwenzake Ildefonsi katika gitaa alikuwa Bazilio, tabibu wa zahanati. Yeye alinunua gitaa Kasulu mjini na hakusoma chochote. Alisikiliza, akatafuta kwa vidole, akipata sawa, akikosa anaendelea. Jumapili baada ya misa walifanya mazoezi barazani kwa Ildefonsi, na kila Bazilio alipoanza kunoga, mwalimu alimsimamisha ili amweleze alichokuwa anapiga. Siku alipoambiwa kwamba noti aliyoipenda hairuhusiwi mahali pale, Bazilio alirudisha gitaa kwenye mfuko wake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alituma ujumbe kwamba wagonjwa ni wengi. Iliyofuata, vilevile. Therese alipita zahanati kuomba dawa ya minyoo, akamkuta tabibu nyuma ya jengo, yuko peke yake na gitaa. Aliporudi nyumbani hakuficha kitu.

"Wagonjwa wote wamepona," alisema.

Ildefonsi akajaribu kupiga peke yake, na hapo akaiona shida. Muziki ule unataka mmoja aushikilie wimbo wakati mwingine anatangatanga. Akitangatanga yeye, hakuna wa kushikilia. Akishikilia, hakuna wa kutangatanga. Alijikaza siku chache, kisha akabeba gitaa, akaenda zahanati.

Bazilio alimpa kiti na sharti moja: asitamke neno mpaka wimbo uishe.

Wakaanza. Bazilio akaenda moja kwa moja kwenye noti ile iliyokatazwa, akakaa hapo kwa makusudi. Ildefonsi alikunja uso kama anayechomwa sindano, lakini alinyamaza. Noti ilipokuja tena, mkono wake ulikuwa umekwishahamia kodi nyingine bila kumuuliza, na noti ile ikatua vizuri kabisa. Aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

Wimbo ulipoisha, Bazilio alimwambia, "Haya mwalimu, sema sasa."

Ildefonsi alifikiri kidogo. "Nilikuwa na neno," alisema, "lakini tupige kwanza."

Walipiga hadi mvua ilipoanza kugonga bati, wakawa hawasikiani. Wakahamishia viti chumba cha chanjo, chenye dari, na Bazilio akasema mle ndani sauti inatoka vizuri zaidi.