Tuta Lisilo na Kijiti

Bibi Cornelia alikuwa na wajukuu wengi, lakini mwenye kuona mapepo alikuwa mmoja tu, Klementina, na Klementina aliipenda hali hiyo kuliko alivyowahi kuungama kwa padri. Alikuwa na miaka kumi na saba. Pepo wa Ufipa hapandi kichwani mwa mtu akadai ngoma. Hupanda na upepo kutoka bonde la Rukwa, mrefu, mkavu, rangi ya vumbi, na akikaa juu ya paa lako, nyumbani mwako hakuna anayecheka tena mpaka atolewe. Klementina alikuwa akimpiga kwa jembe la chuma cha mababu, kisha akimfukia ndani ya tuta pamoja na majani, vile Wafipa wanavyofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Pepo naye huoza. Ila nyasi zinataka msimu mmoja, yeye anataka mvua za misimu miwili, na ndiyo maana tuta lake huchomekwa kijiti juu, na mwenye akili zake haligusi.

Kwa kazi hiyo, watu walimpisha njia sokoni. Hata wazee aliowaamkia shikamoo walimwitikia huku wakisimama.

Basi mwaka ule mbolea ya serikali ilipopanda bei mpaka wakulima wakaacha kuiulizia, na mjini, mtaa wa Majengo, pakajaa mitumba na maduka ya kila aliyeweza kufungua mlango, akahamia kijijini Masanja, Msukuma, na ng'ombe wake, plau yake na binti yake Limbu. Walianzia Kaoze kule bondeni, wakapanda juu kutafuta malisho. Limbu alikuwa mdogo kwa Klementina kwa mwaka mmoja, na alicheka ovyo.

Jumapili moja baada ya misa, pepo akatua mabegani mwa mama Epifania aliyekuwa akiuza maharage sokoni, kando ya kanisa. Jembe la Klementina lilikuwa nyumbani. Kabla hajageuka kulifuata, Limbu, kumbe naye huona mapepo, alirusha kamba ya kufungia ndama, akamnasa pepo shingoni, akamwangusha chini. Wasioona mapepo waliona kamba imekakamaa hewani, ikitetemeka. Walipiga makofi mpaka padri akatoka kuangalia.

Klementina alionea wivu makofi yale, na tusizungushe maneno: ulikuwa wivu. Yeye ndiye aliyemkokota pepo yule mpaka shambani akamfukia, jasho likimtoka, na hakuna aliyemfuata kutazama. Jioni bibi akamwita Limbu jikoni, akampa ugali wa ulezi, akasema mkono wa mtoto huyu ni mwepesi kuliko wa Klementina. Majirani nao wakaleta methali yao, mgeni njoo mwenyeji apone. Klementina alikuwa mzima wa afya. Hakuwa na ugonjwa wa kuponywa na mtu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, bibi akakubaliana na Masanja kwamba Limbu aje na maksai kulima shamba. Vijiti vingi vilikuwa vimeliwa na mchwa, kwa hiyo bibi akamwambia Klementina ampitishe mgeni shambani, amwonyeshe matuta ya kuachwa, kwa sababu kwao Usukumani hawafukii pepo. Klementina alimpitisha. Alimwonyesha yote isipokuwa moja, lile la pepo wa sokoni, ambalo halikuwa na kijiti wala halikuwa limepata mvua za msimu wa pili. Alipolifikia aliliruka, akaendelea kutembea. Alitaka Limbu aaibike kidogo tu, kisha yeye atokee na jembe. Kidogo tu: ndivyo wivu unavyopima vitu vyake.

Lakini pepo hakuwa ameoza. Alikuwa amekula zile nyasi akanenepa. Plau ilipolipasua tuta alitoka na udongo kichwani, mpana kuliko mlango wa kanisa, na maksai wakavunja nira wakakimbia. Limbu alirusha kamba, akamnasa, akaburutwa kwa magoti kwenye matope bila kuiachia.

"Dada Klementina, piga."

Klementina alikuwa karibu, jembe amelinyanyua. Na akasita. Pumzi moja tu, kwa sababu moyo wake ulitaka kumwona Limbu ameshindwa, walau mara moja. Katika pumzi hiyo pepo aliinama, akampulizia Limbu machoni. Ndipo jembe likashuka.

Limbu alijifuta uso akauliza pepo amekwenda wapi, mbona hamwoni. Pepo alikuwa miguuni pake, bado anarusha mateke.

Pepo akafukiwa upya. Bibi alichonga kijiti kipya, akamkabidhi Klementina. Watu wakarudi kumpisha njia yeye peke yake, na Klementina, aliyekuwa amepata yote aliyoyataka, alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ya nyuma asikutane na Limbu. Alimwonea aibu, na alijichukia.

Mahindi yalipokomaa pepo mwingine akakaa juu ya nyumba ya mwalimu Yonas. Klementina alifika na jembe, akamkuta Limbu amesimama uani, kamba mkononi.

"Niambie yuko wapi," Limbu alisema. "Mi nitarusha."

Klementina alimjibu kwamba ni hatari, haoni mapepo tena.

"Wewe unaona." Limbu aliikunja kamba vizuri. "Lile tuta ulilijua, dada. Nilikuona ukiliruka."

Klementina alitafuta uongo, na uongo ulikuwepo, mwingi, hata wa kuchagua.

"Nililijua," alisema. "Nilikuonea wivu."

"Basi leo uniambie."

Juu ya bati pepo aligeuza kichwa, akawatazama, akaanza kumshukia yule asiyemwona. Klementina alimshika Limbu kiwiko, akakielekeza.

"Pembeni mwa bati, upande wa mlimao. Anakuja kwako. Sasa."

Limbu akarusha.