Alama ya Asekenye

"Chini! Ati mtoto wangu yuko chini! Chini ya nini, Ticha? Chini ya kitanda?"

"Mama Asekenye, hebu tuongelee ndani."

"Ndani ya nani? Si uliandika kwa karatasi, karatasi ikaletwa hapa, Protus akanisomea ploti nzima ikisikia? Hata aliyekuwa chooni alisikia. Tuongelee hapa hapa kwa mfereji."

Na watu walikuwa wamejaa kweli. Ploti hii ya Malaba ina vyumba kumi na vinne vinavyotazamana na mfereji mmoja wa maji katikati. Ugomvi ukianza, hakuna anayebaki ndani ila mwenye sufuria motoni, na huyo naye husonga ugali akiwa amesimama mlangoni. Protus wa bodaboda alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake kama mtu aliyekata tiketi.

Mwalimu Magdaline alikuwa hajafika hata mlangoni kwake. Mkoba wa vitabu ulikuwa ukimkata bega, vidole vimejaa chaki, na sauti yake, iliyomwishia tangu wiki iliyopita, ilitoka kama ya jogoo mgonjwa. Akiror, mama yake Asekenye, yeye sauti anayo. Tangu saa kumi alfajiri huwa kwenye foleni ya malori akiwapikia madereva, na koo lake limezoea kushindana na injini.

"Mimi sikusoma," Akiror alisema, "lakini chini naijua. Nimekaa huko miaka mingi. Mtoto wangu hakai huko. Kesho asubuhi anavuka mpaka, anaenda kwa dada yangu Tororo. Kuna shule ya bweni. Nguo nishapanga."

"Bweni? Ana miaka saba!"

"Afadhali bweni kuliko chini. Na huko hakuna hii CBC yenu, huu mtaala wa kuambia watu walete maganda ya mayai."

"Na vifuniko vya soda!" mama mmoja akadakia. "Wangu alibeba mpaka kifuniko cha thermos yangu!"

Watu wakacheka. Magdaline hakucheka. Alikuwa anamtazama Asekenye, aliyesimama nyuma ya pazia la mlango wao, sweta ya shule bado mwilini, jicho moja nje na jingine ndani. Huyu ndiye angelala kesho kwenye kitanda cha bweni asichokijua, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ya namba moja iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Na Magdaline alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale mferejini aliyelijua. Namba ile aliibuni.

Muhula ulianza vizuri. Gredi ya Pili ilikuwa na watoto arobaini na wanane, idadi ambayo mwalimu anaweza kuibeba akijikaza. Wiki ya tatu mwalimu wa mkondo wa pili, Bi Mukhwana, akaenda likizo ya uzazi, na kwa kuwa hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake, watoto wake wakahamia kwa Magdaline na madawati yao vichwani. Wakawa tisini na mmoja. Kisha tetekuwanga ikaingia, nusu ya darasa ikawa inajikuna na nusu ikahesabu madoa ya wenzao. Kisha michezo. Kisha mvua ya Machi, ambayo ikipiga bati huwezi kufundisha ila kwa mikono na midomo, kama bubu. Magdaline alichoka mpaka Jumapili moja padri alipowaambia waumini wasimame, naye akasimama akitafuta rejista.

Ndipo ikaja tathmini ya kusoma. Kila mtoto asome peke yake mbele ya mwalimu, kisha apewe alama: nne amezidi matarajio, tatu ameyafikia, mbili anayakaribia, moja yuko chini yake. Magdaline aliwasikiliza kwa haki watoto sabini na wawili, mmoja mmoja, wengine wakirushiana viatu. Jumatano, saa sita, ofisi ikasema alama zote ziingie kwenye kompyuta kabla ya saa nane, mtandao haungojei mtu. Walikuwa wamebaki kumi na tisa. Akafunga macho, akajaribu kuikumbuka sauti ya kila mmoja. Ochom, anayejibu hata maswali ya darasa la jirani, akampa tatu. Wengine akawapa mbili. Alipofika kwa Asekenye alitega sikio ndani ya kichwa chake, akakuta kimya. Mtoto anayeketi nyuma karibu na mlango, asiyelia, asiyepiga mtu, asiyeomba ruhusa ya kwenda nje. Akaandika moja.

"Ticha, si nakuongelesha?" Akiror alisema. "Ama hata mimi niko chini?"

"Mlete asome," Magdaline akasema.

Akiror akashika kiuno.

"Asome wapi?"

"Hapa. Si umesema hapa hapa kwa mfereji?"

Asekenye alitolewa nyuma ya pazia na mikono ya majirani kama mzigo unaoshushwa lori. Magdaline akageuza ndoo iliyokuwa tupu, akaketi, akampisha mtoto asimame kati ya magoti yake. Akatoa kitabu cha kusoma mkobani. Mtoto akakifungua mwenyewe, ukurasa wa kumi na mbili, wa kuku wa bibi.

"Huo hapana," Magdaline akamwambia. Kitabu kimoja walisoma watoto sita, na ukurasa ule darasa zima liliuimba hata kitabu kikiwa kimepinduliwa. Akafunua mbele, ukurasa wa thelathini.

"Hapa hatujafika," Asekenye akanong'ona.

"Najua. Jaribu tu."

Kidole kidogo kikatua kwenye neno la kwanza, kikabaki hapo. Mtoto mmoja wa ploti akamsaidia kwa nguvu, "Siku!", akapigwa kofi la mgongo na mamake. Maji yakadondoka mferejini, tone, tone, na Protus akainama akaufunga vizuri bila kuambiwa.

"Siku... moja," Asekenye alisoma, sauti nyembamba kama uzi. "Siku moja m-mwe-we... mwewe a-li... aliona vi-fa... vifaranga."

Aliruka neno. Akarudi nyuma mwenyewe, akaliokota. Kwenye "akawanyakua" alikwama, akajaribu mara mbili, akameza mate, akaliacha na kwenda mbele. Ukurasa wote ulimchukua muda ambao Ochom angesoma kurasa nne. Lakini alikuwa anasoma. Hakukariri, hakubahatisha kwa picha. Alikuwa anaunganisha silabi kwa jasho lake, kwenye ukurasa ambao hakuna aliyemfundisha.

Akiror hakuwa anatazama kitabu. Kitabu kingemwambia nini? Alikuwa anatazama uso wa Magdaline, macho yakienda na kila mkunjo wa paji lake, kama mtu anayetazama mkono wa daktari ukiandika. Ile hasira yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Sasa?" akauliza polepole. "Ni chini?"

"Si chini," Magdaline akasema. "Huyu anakaribia. Mbili, tena mbili ya juu."

"Eh! Basi ameimarika tangu Jumatano!" Protus akapaza sauti. "Mtoto ana kichwa huyo!"

Majirani wakapiga makofi, na mlango ukawa wazi kwa Magdaline kupita. Ameimarika. Neno dogo tu. Angeinuka na heshima yake, akaenda kuosha miguu, na hakuna ambaye angejua. Uchovu ulimsukuma mgongoni: sema ndiyo, mwalimu, ulale.

"Hajaimarika tangu Jumatano," akasema. "Jumatano sikumsikiliza."

"Hukumsikiliza vipi?"

"Sikumwita. Muda uliniishia, nikaandika moja kwa kuwa sikuikumbuka sauti yake." Alisema akimtazama Asekenye, si mama. "Si kosa lako, mwanangu. Ulikuwa hujasoma kwa sababu sikukuuliza."

Mama mmoja aliyekuwa akisonga ugali mlangoni akauteremsha mwiko. Wale waliokuwa na watoto Gredi ya Pili, na walikuwa watatu pale, walianza kutazamana.

"Wako wangapi hivyo?" Akiror akauliza.

"Yeye na wengine kumi na wanane."

"Na hao?"

"Kesho naingia saa kumi na mbili unusu, nianze nao mmoja mmoja. Kisha naenda ofisini, niseme alama zibadilishwe. Mwalimu mkuu atanila nikiwa mzima. Sawa." Akamnyooshea Asekenye sweta. "Tororo ni uamuzi wako, Mama Asekenye. Mtoto ni wako. Lakini usimpeleke kwa sababu ya ile karatasi. Ile karatasi ilikuwa yangu mimi, haikuwa yake."

Akiror aliinama, akachukua kitabu mikononi mwa binti yake, akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha.

"Leo nimechomwa na mafuta mara mbili," akasema, bila kumlenga mtu. "Dereva mmoja alilalamika nyama ni mbichi. Nikamwambia sikuionja, nilikuwa na watu thelathini." Akaigeukia pikipiki. "Protus, wewe hutanivusha kesho. Tafuta abiria mwingine."

"Na vile nilikuwa nishahesabu hiyo safari, mama!"

"Kahesabu kwingine. Na nyinyi, sinema imeisha, ugali wenu unaungua."

Watu wakaanza kutawanyika shingo upande. Mmoja wa wale akina mama watatu alipita karibu na Magdaline, akaguna, "Na wangu awe wa kwanza kesho," akaenda zake. Magdaline akaitikia kwa kichwa. Akauvuta mkoba, ukamshinda.

Akiror alikuwa amefika mlangoni kwake na Asekenye mkononi. Akageuka.

"Ticha. Wewe umekula saa ngapi?"

"Chai. Ile ya saa nne."

"Saa nne ya leo?" Akainua pazia, harufu ya kunde zilizotiwa njugu ikatoka nje. "Acha huo mkoba, hakuna mtu wa kuiba makosa ya watoto. Kuna ugali wa wimbi. Ingia ule."