Don wa Buzuruga

Tarumbeta tulizisikia kabla gari halijatokea. Muziki wa Meksiko, mtaani kwetu Buzuruga, mchana kweupe, watu wanakula ugali na sato. Nikajua ni Masele, muuza unga wetu, ule wa kulevya, aliyejibandika jina la Don Anselmo.

Huyo Anselmo alikuwa tajiri wa unga huko Meksiko. Masele ametuhadithia habari zake mpaka zimetuchosha: alizaliwa hana viatu, akajenga makanisa, akatoroka gerezani kwa handaki, akatungiwa nyimbo. Mwisho wake hausimulii. Mimi nimeusoma: walimvuta kutoka chini ya kitanda, amevaa chupi, anawalilia askari. Makanisa alijenga, ndiyo. Na makaburi akayajaza.

"Mshairi!" Masele akashuka, kofia pana kama ungo. "Jumapili kwenye ngoma uniimbe, kama wanavyomwimba Don."

Kaka yangu Antoni alikuwa akilifuta vumbi gari lile. Fundi seremala mzima, anafuta gari la mtu apate kete ya unga. Nikamtazama, nikajibu, "Nitakuimba, kaka Masele."

Mjinga yule kazaliwa Usukumani akasahau ngoma zetu. Manju, kiongozi wa nyimbo kama mimi, akishaanza wimbo, hakuna wa kumnyamazisha. Anayekejeliwa hujibu kwa wimbo wake. Akiinua mkono kupiga, ameshindwa.

Jumapili uwanja ulifurika. Masele akakaa mbele kabisa, miguu kaitandaza. Nikaimba:

*Kofia ya kuazima, kifuani umevimba,*
*Wenzio wafa wazima, nawe wajiita simba,*
*Don wako aliyevuma, uvunguni kajichimba!*

Uwanja ukalipuka. Masele akasimama, mdomo wazi, anatafuta ubeti.

"Mpigeni huyo!" akafoka.

Hakuna aliyesogea, hata vijana wake.

"Jibu kwa wimbo, Don!" akapaza sauti bibi mmoja. "Au Kimeksiko kimekukauka?"

Kicheko kilichotangulia vingine vyote kilikuwa cha Antoni. Nilikuwa nimekisahau kilivyo. Masele akapenya katikati ya zomeazomea, akaondoka.

Antoni akanijia. "Nipeleke wanakotibu mateja. Lakini najijua, mdogo wangu. Nitatoroka."

"Toroka," nikamwambia, watu wote wakisikia. "Nitakufuata mpaka stendi ya Nyegezi, na hapo hapo, mbele ya abiria, nitakuimba kwa jina lako la ubatizo mpaka ugeuke urudi. Nakuahidi, Antoni."