Soda ya Uzi Mwekundu

Dereva alipolisikia jina la kinywaji kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mate? Mate ya nani hayo, mke wangu? Mimi mgonjwa, sawa, lakini hatujafika huko!"

Mkewe naye akacheka, maana nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko siku nyingi. Daktari alikuwa amemwambia mumewe kwamba sukari imeanza kumla macho, na dereva wa lori asiye na macho hapewi leseni. Chanzo kilijulikana. Mtu anashinda kwenye usukani, usingizi ukimjia anafungua soda, ikiisha anafungua nyingine. Daktari akamwambia aache. Yeye akajibu, tena kwa sauti ya mtu anayeonewa, kwamba akiacha atasinzia barabarani aue watu bure.

Basi mke akahangaika kutafuta njia. Yeye alikuwa fundi cherehani, na mteja mmoja aliyekuja kushonewa mapazia ndiye aliyempa habari za yerba mate. Ni majani ya mti wa ng'ambo, yamekaushwa kama ya chai, yanafukuza usingizi kama kahawa. Ukiyajulia unayageuza soda hapohapo jikoni kwako, na sukari unatia ile unayotaka wewe.

Kuyajulia, sasa! Hapo ndipo alipokiona cha mtema kuni. Mara ya kwanza aliyatokosa, yakatoka machungu hata paka angekimbia. Mara ya pili akatia chachu yake ya tangawizi kabla maji hayajapoa, chachu ikafa, na soda ikalala kwenye chupa bila hata kipovu kimoja. Mwishowe mkono ukakubali. Maji aliyaepua yakianza tu kuchemka pembeni, akaloweka majani, akachuja kwa kitambaa, akatia ndimu na sukari kidogo, ya kulisha chachu tu ili itoe gesi. Halafu chupa nene za kioo zenye vizibo vya waya, kabatini mpaka gesi ijae, kisha friji. Za mumewe alizikoleza majani kwa ajili ya safari, na ili zisichanganyike na zile walizokunywa yeye na mdogo wake, alizifunga uzi mwekundu shingoni. Fundi ni fundi, bwana.

Huyo mdogo wake alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Sasa alikuwa msichana mkubwa, amemaliza masomo, anaishi pale huku akitafuta kazi. Dada akiwa kibandani anashona, yeye ndiye aliyebaki na nyumba, na kabati la soda.

Kila akitengeneza soda mpya, fundi alipunguza sukari kidogo tena. Jambo la ajabu, chupa zake na za mdogo wake zilizidi kuishiwa gesi, lakini za uzi mwekundu zilizidi ukali. Ukifungua moja, povu linaruka mpaka ukutani. Fundi akafikiri, akapata jibu, na jibu lenyewe likamvimbisha kichwa.

"Ni yale majani," alimweleza mdogo wake huku akisuuza faneli ya kujazia chupa. "Yakiwa mengi, gesi nayo inakuwa nyingi. Nimeligundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha."

"Kumbe!" akasema mdogo mtu.

Jamani, akasema kumbe! Na macho makavu.

Na mume je? Alimeza, akafumba macho, akapiga ulimi. "Mke wangu, hao wenye viwanda wakikujua watakuja kukuiba usiku." Kilemba cha ukoka kilimkaa fundi vizuri kichwani, akatembea nacho mtaa mzima. Wateja waliokuja kupimwa walihadithiwa habari za sukari kidogo hata kabla ya kuulizwa wanataka mshono gani.

Chupa zilipasuka mchana, siku aliyorudi nyumbani kuchukua mkasi mkubwa. Ya kwanza ililipuka akiwa mlangoni, ya pili akiwa amekwisha kulifungua kabati. Vioo vilitawanyika mpaka chini ya jiko, soda ikatiririka sakafuni. Alipoinama kufuta, ndala zikamgandia chini. Akachovya kidole kwenye rafu, akaramba. Ilikuwa tamu kama asali! Akaionja chupa yake mwenyewe, isiyo na uzi, akakuta uchachu na uchungu wake uleule.

Mdogo wake alikuwa amesimama kwenye kizingiti, rangi imemtoka.

"Nani ametia sukari humu?"

"Dada, usikasirike."

"Nimekuuliza nani."

"Shemeji ndiye aliyeniomba. Alisema haipiti kooni. Ukishaondoka nafungua zake, namiminia shira, kila ukipunguza sukari nami naongeza, nafunga tena."

"Tangu lini?"

Msichana akainamisha kichwa. "Tangu mwanzo. Alisema nisikwambie, utaumia. Na ameahidi kuniombea kazi pale ofisini kwao. Mimi niliona ni kitu kidogo."

"Macho ya mtu ni kitu kidogo?" Fundi akatupa kitambaa sakafuni. Iliyomchoma zaidi haikuwa shira. Ilikuwa ile siku ya faneli, alivyojifanya mwalimu mbele ya mtoto aliyeogeshwa na mikono yake hiyohiyo, na mtoto akaitikia kumbe. Kwa muda wote huo walikuwa wakimchezea shere, watu wawili anaowapikia.

Mumewe alipofika kutoka kazini, akijikwaa kizingitini kama kawaida yake ya siku hizi, alijaribu kwanza kuligeuza jambo kicheko, akaona halichekeki. Akaja na maneno matamu. Alikuwa hataki kumvunja moyo, alimwona anavyojitahidi, ilikuwa ni mapenzi tu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hasira ya kubomoa nyumba, lakini alimpenda yule mtu, ndio ukweli wenyewe, na hofu ya macho yale ilikuwa kubwa kuliko hasira.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kwa sharti moja. Kesho kliniki umwambie daktari mwenyewe, kwa mdomo wako, ulichokuwa unafanya. Akijua ukweli atakutibu kweli."

"Nitasema. Haki ya Mungu nitasema."

Kesho yake wakaenda pamoja. Daktari aliyatazama majibu ya damu, akavua miwani, akaivaa tena. "Mbona sukari imepanda kuliko ulipokuja mwanzo? Unakunywa nini?"

Dereva akakohoa. "Soda niliacha kabisa, daktari. Siku hizi nakunywa ya nyumbani tu. Anatengeneza mke wangu."

Fundi akangoja aendelee. Mwanamume akageukia dirishani.

Daktari akamgeukia yeye. "Mama, sukari unatia kiasi gani?"

"Kidogo sana."

"Kidogo? Majibu haya si ya kidogo, mama. Mtu anakutegemea, na wewe unamharibia macho kwa mkono wako mwenyewe!"

Maneno yalimjaa fundi kinywani. Akamtazama mumewe, akimsihi kwa macho aseme. Dereva alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama anayemhurumia mkewe kwa kutojua. Hapo fundi akaona hata akisema sasa, ataonekana mke anayemsingizia mgonjwa. Akayameza. Daktari akasema barua ya kuombea leseni hataisaini, akachapa cheti cha kumpeleka kwa mtaalamu wa macho.

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Ningesema nini?" dereva alinong'ona. "Angeniona mtoto."

"Na mimi ameniona nani?"

"Aa, wewe tena! Wewe si unanielewa?"

Fundi akamwekea cheti mapajani. "Soma ujue unakwenda wapi."

Alikisogeza usoni, akakitenga mbali, akakisogeza tena. "Nisomee bwana. Miandiko ya madaktari hii, nani anaiweza?"

Cheti kilikuwa kimepigwa chapa, herufi kubwa nyeusi. Usiku kucha fundi alikuwa amejiambia kwamba siku mtu huyu atakapoona matokeo ya uongo wake, yeye angalau atapumua. Hakupumua.

"Kliniki ya macho," alimsomea. "Mwisho wa ukumbi, mlango wa kushoto."

Dereva akainuka, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akingoja mkewe aushike waende. Fundi aliutazama mkono ule. Alikuwa ameushika miaka yote ya ndoa yao, na kuanzia leo ungehitaji kushikwa zaidi. Ukangoja pale hewani, vidole vikafumba na kufumbua.

"Mke wangu?"

Dereva akashusha mkono, akaweka kiganja ukutani, akaanza kwenda peke yake, akipapasa mlango mmoja baada ya mwingine. Fundi alibaki kwenye benchi analia, na hakuinuka.