Meneja Amegoma Kula

Kobe yule aliitwa Meneja kwa sababu alikuwa na tabia za meneja: huzunguka dukani taratibu, husimama mbele ya kila kazi, huitazama kana kwamba imekosewa, kisha huenda zake bila kusaidia chochote. Mama ndiye aliyempa jina hilo, enzi zile alipokuwa bado anashona mwenyewe kwenye chumba cha mbele. Sasa cherehani ilikuwa ya binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na Meneja alikuwa amegoma kula.

"Amegoma" ni neno la Fundi. Subira ya kusema "anaumwa" hakuwa nayo. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka, alipiga magoti chumbani kwa mama yake, akaingiza mkono mvunguni mwa kitanda na kumvuta Meneja kama anavuta sanduku. Akamlowesha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akamfuta, akamwekea majani ya mchicha mbele ya pua. Meneja akafumba macho. Akamwekea tango. Meneja akageuza shingo upande wa ukutani.

"Kula, wewe! Nina sare za shule nzima zinanisubiri!"

"Usimfokee," mama alisema kutoka kitandani. "Mgonjwa hafokewi."

"Simfokei, mama. Namwelewesha."

Mama mwenyewe alikuwa ametoka hospitali karibuni. Daktari alimruhusu kwa sharti moja, tena alilisema akimtazama Fundi: mgonjwa ale. Dawa zile hazitaki tumbo tupu, na asipokula atarudi wodini akiwa na hali mbaya zaidi. Kwa hilo Fundi alimshukuru Mungu, maana mama alikuwa anakula. Wali, viazi vya kuponda, boga la kuchemsha, chochote kilichopelekwa chumbani, sahani ilirudi nyeupe kana kwamba imelambwa. Kilichomkosesha usingizi ni kobe. Mama akimpoteza Meneja atasusa chakula, na akisusa chakula, basi tena. Ndiyo maana mtu mzima na akili zake alishinda anambembeleza mnyama ambaye hata asante hajui.

Ushauri haukukosekana. Jirani muuza mkaa alisema kobe hana ugonjwa, ana upweke, awashiwe redio. Redio ikawashwa, Meneja akalala. Mteja aliyekuja kupima suruali akasema gamba lipakwe mafuta. Likapakwa, na kutwa nzima kobe akawa anamponyoka Fundi mikononi kama sabuni. Halafu kulikuwa na kaka yake, aliyeishi mji mwingine na kumpenda sana mama yao kwa njia ya simu.

"Dada, umejaribu papai?"

"Nimempa."

"Labda hulikati vizuri."

"Njoo ulikate wewe, kaka."

Mtandao, kama kawaida yake, ukakatika hapo hapo.

Katikati ya purukushani hizo mama akalalamika kwamba gauni lake la nyumbani linamteleza mabegani. Fundi alilishika, akavuta mshono huku na huku, akapandisha hasira. "Vitambaa vya siku hizi! Ukifua mara mbili vinakuwa nyavu." Akalipunguza mabegani na kiunoni, akalirudisha. Haukupita muda, gauni likapwaya tena. Fundi akamtukana mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuwapo kujitetea, akalipunguza upya.

Yalimfika shingoni siku alipomwona Meneja anajaribu kurudisha miguu ndani ya gamba na miguu haiingii. Imevimba, akawaza, huyu anakufa. Akafunga duka huku mteja amesimama mlangoni, akachukua boksi la vitambaa na kumtumbukiza Meneja humo.

"Unampeleka wapi?" mama aliuliza.

"Kwa daktari wa mifugo."

"Daktari wa nini? Mwache apumzike, atapona tu."

"Jana ulisema mgonjwa, leo atapona tu! Mama, mtaniua, wewe na kobe wako."

Kwa daktari wa mifugo alipangwa kwenye benchi kati ya kuku aliyefungwa miguu na mbwa mwenye bandeji sikioni, na wote wawili walikuwa na adabu kuliko wenye nao. Zamu yake ilipofika, daktari alimpima Meneja uzito, akamminya pembeni mwa miguu, akachungulia ndani ya boksi, ambamo Meneja, kwa misukosuko ya safari, alikuwa amejisaidia. Akacheka.

"Dada, huyu anakula nini?"

"Hali kitu! Ndiyo maana niko hapa."

Daktari akachukua kijiti, akachokoa. "Huu ni wali. Hii ni karoti iliyopikwa. Hii nadhani boga. Huyu hajavimba, kanenepa. Chakula chako anakikataa kwa sababu kashiba. Nyumbani kwako kuna mtu anamlisha chakula cha watu, tena sahani nzima nzima."

"Nyumbani niko mimi na mama tu," Fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Na mama chakula chake anamaliza chote, sahani inarudi..."

Hakumaliza. Alibeba boksi lake akatoka, hata kuaga akasahau.

Njia nzima alipanga maneno. Atasema hiki, atasema kile, atauliza kama yeye ni mtoto wa kuchezewa. Aliingia chumbani na boksi mkononi na maneno yake yote mdomoni, akamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Amesemaje?"

"Amesema kashiba."

Mama akatazama ukuta. Fundi alivua tepu shingoni, ile anayoivaa toka asubuhi mpaka jioni, akaizungusha kiunoni mwa mama yake. Kipimo cha mama alikijua kwa kichwa tangu ujana wake. Alichokuta kwenye tepu ni namba aliyokuwa anaikata wiki nzima: sare ya mtoto wa shule. Kitambaa hakikuwa na kosa lolote. Yeye, ambaye mteja akipita tu barabarani humjulia kiuno, alikuwa amelipunguza gauni lile kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili.

"Mdomo mchungu, mwanangu," mama alisema. "Ningekwambia sili, ungenirudisha kule. Na ungefoka."

"Mimi sifoki!" Fundi alifoka.

Mama akakunja upindo wa shuka, akaukunjua.

"Unaweka sahani, unakimbia. Natafuna peke yangu, nasikia cherehani. Chakula hakishuki. Meneja angalau anakaa."

Fundi aliona aibu. Aibu ikataka kugeuka hasira, kama ilivyo desturi yake, lakini safari hii hapakuwa na mwenye duka wala kaka wa kubebeshwa. Akalia, kwa kelele, kama anavyofanya kila kitu.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wako, tunamwambia ukweli," alisema akijifuta na tepu. "Akikulaza, nalala na wewe huko huko."

"Na sare?"

"Wasubiri."

Mlango wa duka uligongwa. Hakwenda. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani moja ya viazi na vijiko viwili, akapanda kitandani na viatu vyake. Akala yeye kwanza. Mama akatia kijiko kidogo mdomoni, akakizungusha muda mrefu, akameza.

Ndani ya boksi pakasikika mkwaruzo. Kijiko kilikuwa kimegonga sahani, na Meneja aliijua sauti ile. Boksi likapinduka, na kobe akaja mbio, ndiyo, mbio, shingo nje yote, mpaka miguuni kwa Fundi.

"Wewe," Fundi akamwambia, "kuanzia leo ni mchicha."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanyoosha mkono, akachota kijiko cha pili.