Chati ya Mlango wa Stoo

"Sitini na mbili na nusu!" akatangaza Shangazi Futi, mpimaji wa timu ya taifa ya wanawake ya mpira wa ukumbini, mama ambaye futi yake haikumtoka shingoni hata akienda msibani.

Aliyekuwa juu ya mizani ni nahodha wao, waliyempa jina la Kisiki kwa sababu kila aliyemvaa uwanjani alijikwaa mwenyewe. Kocha mpya akageuka kutazama chati kuukuu iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo: Umbo la Mchezaji Bora. Kilo hamsini na nne. Paja, sentimita hamsini. Jumatatu alikuwa amesema wazi kwamba atakayeizidi chati kwa kilo tano, mashindano ya bara atayasikia redioni. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Samahani, nahodha," akasema. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Alikuwa mgeni tu, na mgeni hushika cha kwanza anachokikuta. "Sheria ni msumeno."

"Na msumeno hukata mbele na nyuma. Mimi hapa sishuki."

Akabaki pale, miguu peku, mikono kiunoni. Hasira ilimpanda, na hofu pia, tusidanganyane. Miaka thelathini na minne si mchezo. Jezi ile akiivua leo, haivai tena.

Kwenye benchi aliketi mtoto wa dada yake, waliyemwita Sindano, msimu wake wa kwanza. Yeye alikuwa amepima hamsini na nne kamili, wakampigia makofi. Bado alitabasamu, kaegemea ukuta, midomo mikavu.

"Kocha, huyo wa kwenye chati," Kisiki akauliza, "ukimpata leo utampa jezi?"

"Hata unahodha nampa."

"Basi lete. Ni mimi."

Wachezaji wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. Shangazi Futi akapekua mkoba wake, akatoa daftari lililochakaa, akalamba kidole na kufunua.

"Hii hapa. Msimu wake wa pili. Hamsini na nne, paja hamsini. Viongozi wakasema huyu ndiye mfano, wakanakili, wakabandika." Akasogeza miwani. "Na pembeni nimeandika: alizimia fainali, dakika ya tano kipindi cha pili. Hilo hawakulinakili."

"Tulikuwa tunashindana nani ale kidogo," akasema Kisiki. "Tukafungwa saba bila. Walinisukuma kama pazia! Nikarudi nyumbani nikala, nikabeba vyuma, nikakimbia ngazi mpaka majirani wakaniona nimerukwa na akili. Paja hili," akalipiga kofi, "nimelijenga miaka kumi na miwili. Makombe yale matatu kabatini, ulidhani yaliletwa na nani? Na chati?"

Kocha akalichukua daftari, akalisoma mwaka hadi mwaka. Kilo zilipanda, mapaja yalijaa, mafuta chini ya ngozi yalipungua, na si kwa Kisiki peke yake, kwa timu nzima. Alisoma muda mrefu. Kisha akaenda mlangoni akaibandua chati, ikatoka vipande vipande.

"Sasa niandike kilo ngapi?" akauliza.

"Andika za leo, kila mtu zake," akasema Shangazi Futi. "Tena kwa penseli, baba. Hawa hawakai walivyo."

"Nahodha, shuka," akasema kocha. "Jezi yako ipo."

Kisiki akashuka. Akaenda moja kwa moja kwenye benchi kumkumbatia mtoto wa dada yake, akamkuta wa baridi. Sindano alikuwa ameukodolea macho ule mlango mtupu.

"Mama mdogo," akanong'ona, "kwa hiyo naweza kula?"

"Hujala tangu lini wewe?"

"Jumatatu."

Kisiki akageuka, akachuchumaa, akamvuta msichana mgongoni, akainuka naye, kilo hamsini na nne kamili, akambeba bila kupumzika mpaka jikoni.