Taa ya Tano

Wiki tatu nilimeza dawa ya mtoto, na mtoto akanyweshwa siropu ya kikohozi. Hiyo ndiyo hasira yangu, na ninaiandika ingali ya moto.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na moja. Binti yangu Chantal alimpa jina langu lote, Kalunga Evodie, kwa hiyo nyumbani hatuitani bibi na mjukuu. Mimi namwita Majina, naye ananiita Majina. Kwetu jina la mzee likishapewa mtoto halipunguzwi. Ukisema "Evodie mudogo" ni kama umemkata mzee nusu, na mtoto umempa mabaki.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakohoa wote wawili. Mama Constance, mwuguzi wa kituo cha afya cha mtaani kwetu, alitupa kila mmoja kikopo cha makohozi. Kwenye cha kwanza aliandika jina langu. Kwenye cha pili akaanza kuandika "Evodie mudo..."

"Simama hapo," nikamwambia. "Evodie mudogo njo nani? Jina ni moja, uliandike zima."

"Mama Evodie, kule labo watawachanganya."

"Watatuchanganya namna gani? Mimi niko na mvi, yeye bado anaruka kamba."

Akacheka, akaandika. Kosa hilo ni langu, silikatai. Lakini kikopo hakioti mvi. Na pale penye nafasi ya miaka, Mama Constance hakuandika kitu.

Majibu yakarudi mawili. Kalunga Evodie ana kifua kikuu, tena kile kinachoshinda dawa za kawaida. Kalunga Evodie hana kitu. Mama Constance akatazama mzee, akatazama mtoto, akagawa kama anayegawa samaki mezani: kubwa kwa mkubwa.

Dawa ilinipiga. Bukari, ugali wetu, ilininukia, ndagala zilininukia, hata maji. Kumbe kikohozi changu kilikuwa kimekwisha kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyekuwa anapungua ni Majina. Blauzi ya shule ikawa inamning'inia kama ya dada yake. Jumatatu asubuhi alikohoa kwenye leso, kisha akaificha nyuma ya mgongo. Nikamshika mkono, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Damu.

Sikumwendea Mama Constance. Nilipita na mtoto moja kwa moja hadi labo, chumba cha nyuma cha kituo kilekile, kwa Papa Firmin anayepima makohozi.

"Mashine yako imedanganya," nikasema.

"Mama, jambo kwanza."

"Jambo nitakupa ukishanieleza."

Firmin ni mtu mpole, na upole wake uliniongezea moto. Alimvalisha mtoto barakoa, akaniketisha.

"Mashine inapasua mikrobe, inatafuta ndani yake ile uzi yenye kubeba urithi wake. Sisi tunatia vipande vitano vya uzi, vya kutengenezwa. Kila kipande kinajua mwenzake. Kikimupata kinashikamana naye, kinawasha taa kidogo. Kisipomupata, giza."

"Kama zipu. Jino na pengo lake."

"Njo vile, Mama. Sasa kwa ile kikopo, vinne viliwaka. Cha tano hakikuwaka. Pale mikrobe imejibadilisha, na dawa ya kawaida haiiwezi tena. Mashine haikudanganya."

"Haya. Na mimi nina kitendawili."

"Mama, niko na kazi..."

"Tega sikio. Vipande vyako havina macho, havikusoma hata darasa la kwanza, lakini kila kimoja kinamujua mwenzake, hakishiki wa jirani. Nyinyi muko na macho mawili mawili na diploma ukutani, mumeshindwa kujua kikopo na mwenyewe. Kipofu ni nani?"

Firmin alifungua kitabu chake. Mistari miwili, Kalunga Evodie, Kalunga Evodie, na nafasi ya miaka nyeupe kama yai. Akamtazama Majina, akatazama leso mkononi mwangu. Kisha akaenda mlangoni.

"Constance! Kuya huku, mbio!"

Mama Constance alipoiona leso, alijua.

"Nilizania... Mama, wewe mzee njo ulikuwa unakohoa sana."

"Ulizania! Mutoto analala kitanda kimoja na dada yake, anakaa darasani na watoto wa watu, wewe unazania!"

"Si wewe ulikataza niandike 'mudogo'?" Sauti yake nayo ikapanda.

"Nilikataza, na aibu yangu ninayo, sikuombi unisaidie kuibeba. Nilikukataza neno moja. Kuandika miaka kumi na moja, nani alikukataza?"

Akaleta vikopo viwili vipya, akaandika miaka kwanza.

Tulitoa makohozi upya, mimi na Majina. Firmin akasema turudi nyumbani, mashine inataka muda. Nikakaa kwenye benchi mbele ya mlango wake, miguu nimeinyoosha njiani, anayetaka kupita aniruke.

"Majina," mtoto akaninong'oneza, "nitakufa?"

"Utakufa na mvi, umeshachosha wakwe zako wote."

Akacheka, na kucheka kukageuka kukohoa. Nilimsugua mgongo. Nilihesabu mifupa kwa kiganja changu, na kila mfupa ulikuwa siku iliyopotea.

Firmin alitoka na karatasi mbili. Kwangu, hakuna mikrobe hata moja. Kwa mtoto, taa nne. Ya tano, giza.

Mama Constance alileta dawa yeye mwenyewe. Alipiga goti mbele yangu, mbele ya wagonjwa wote.

"Mama Evodie, unisamehe."

"Mupe mutoto dawa. Msamaha nitautafuta. Leo sina."

Majina alihesabu vidonge kiganjani. "Vyote hivi?"

"Vyote. Vitakusumbua tumbo. Utakula kidogo kidogo, na ukitapika utaniita, hata niko sokoni nitakuja."

Akaweka cha kwanza kwenye ulimi, akafumba macho. Mimi na Constance tulitazama koo lake mpaka kidonge kikashuka. Hatukutazamana.